Ubeti wa Pili

Mahmood alikiacha kisu ndani ya paja la mbuzi akaitazama televisheni ya bucha. Mkewe alikuwa ndani ya filamu, akiimba ule wimbo ambao mji mzima wa Nkubu uliujua kutoka kwenye albamu. Lakini ubeti wa pili haukuwa ule. Kwenye albamu alimsifu mpenzi mwenye sauti ya upole. Hapa alikuwa akimsifu mwenye kidole cha mwisho kilichopinda kama ndoana.

"Mbona maneno ni mengine?"

Mkewe, aliyekuwa kando yake, aliendelea kukata vitunguu vya kachumbari. "Filamu tulishuti kabla hujanioa. Albamu nilirekodi nikiwa bibi yako. Ungetaka hayo yapigwe redioni?"

Mahmood alivitazama vidole vyake mwenyewe, vyenye mafuta, vyote vimenyooka.

"Na mwenye kidole ni nani?"

"Ni wimbo tu, baba."

Mlangoni akaingia mpiga gita wa bendi ya zamani ya mkewe, mteja wa kila Ijumaa. Aliwasalimu, akaweka mkono juu ya kaunta. Kwa mara ya kwanza Mahmood aliutazama vizuri, hadi kidole cha mwisho, kilichopinda.

"Mpimie mbavu," mkewe alisema, kabla mgeni hajaagiza chochote.