Tarakimu Nane

Anwani ilikuwa imekatwa nusu. Fundi aliihesabu kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta: tarakimu nane. Akaihesabu tena, kana kwamba nyingine nane zilikuwa zinaona haya kujitokeza.

Saa moja asubuhi, kwenye chumba cha chini cha hospitali, alinakili mipangilio kwa waya wa kompyuta kutoka kwenye bodi ya zamani ya lifti. Kisha akaing'oa, akaitupia kwenye boksi chini ya meza, akafunga kabatini bodi mpya, yenye programu yake tayari. Prosesa ya bodi ya zamani ilitumia anwani fupi za tarakimu nane. Mpya ilitaka kumi na sita. Lakini kila kielekezi, yaani namba inayosema kitu kimewekwa wapi kwenye kumbukumbu, kilitoka na nane tu, kama barua yenye mtaa isiyo na mji. Programu ya lifti ilianza vizuri, ikauliza mlango wa lifti uko wapi, ikakosa jibu, ikaanguka.

"Kuna mjinga anakata anwani," alisema.

Programu yote aliiandika yeye. Stashahada ya huyo mjinga ilitundikwa sebuleni kwake, juu kidogo ya televisheni, ili wageni wasiikose.

Simu ikaita. Mama yake alikuwa ghorofa ya sita, goti limepasuliwa na kushonwa. Alikuwa ameruhusiwa, na kitanda kilitakiwa kuwa wazi saa sita.

"Umemaliza?"

"Bado, mama. Usiguse lifti. Nimebandika karatasi hapa chini."

"Wamekuja vijana wawili kunibeba kwenye ngazi. Nimewafukuza. Mimi si gunia."

"Nipe nusu saa."

"Hiyo nusu saa unanipa tangu saa tatu. Watu wa humu wodini nimeshawaambia binti yangu ndiye fundi. Usiniaibishe."

Akakata.

Mfagizi akaingia na ndoo mbili zilizojaa pomoni. Hakuwa amemwaga tone, wala hakuhema.

"Pole na kazi, dada fundi."

"Umetoka wapi na maji yote hayo?"

"Ghorofa ya tano."

"Hongera. Una mapafu."

"Si mapafu, dada, ni ile..."

"Baadaye, tafadhali. Nahesabu."

Mfagizi akaondoka na maneno yake.

Sasa fundi aliishuku programu ya kusaka hitilafu yenyewe, ile iliyomwonyesha anwani kwenye kompyuta. Labda ilikuwa imezoea prosesa ya zamani, ikawa inasoma anwani nusu na kuacha nusu. Akaiamuru isome kwa mpangilio wa prosesa mpya. Ikamjibu kwa maandishi mekundu: prosesa iliyounganishwa si ya aina hiyo.

"Usinifundishe kazi," aliiambia. "Nimeifunga kwa mikono yangu."

Akaiamuru tena, mara nne, kila mara akibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ina masikio mazito. Kisha akaanza kuisoma programu ya lifti mstari kwa mstari. Alikutana na maoni aliyojiandikia miaka kumi nyuma: *Hapa usiguse, nitakumbuka kwa nini.* Hakukumbuka.

Saa sita kasoro dakika tano akasalimu amri. Angepanda ngazi, ghorofa zote sita, amwambie mama yake ana kwa ana kwamba leo atakuwa gunia. Akajifuta uso, akageuka.

Mama yake alikuwa mlangoni, kwenye kiti cha magurudumu, mkoba mapajani. Nyuma yake alisimama mfagizi, akitazama dari.

"Nani kakubeba?"

"Nani anibebe? Nimebonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Mwenzio huyu amekuwa akipanda na kushuka tangu asubuhi." Mama aliinama na kuunyanyua waya wa kompyuta uliolala sakafuni, akaufuata kwa macho kutoka mezani hadi ulikoishia, chini ya meza. "Na wewe, mwanangu, asubuhi nzima unaongea na nini ndani ya boksi hilo?"