Vifuniko vya Buluu

Verica alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mama mkwe wake, akipapasa ukutani autafute waya wa intaneti auchomoe, sauti ikamshukia kutoka juu.

"Umepoteza nini huko, mwanangu?"

"Hereni, mama."

"Mbona zote mbili naziona masikioni?"

Verica akatoka, magoti yamejaa vumbi.

Tegua hiki: mtumishi hukumwajiri, mshahara humpi, na kila ulionalo anakimbia kulisema ukweni kabla hujafumba jicho. Ni simu. Miodrag, mume wake, ndiye aliyezipanga hivyo: picha yoyote ikipigwa na mtu wa familia, ipae yenyewe hadi hifadhi moja ya mtandaoni, kisha ishuke kwenye kishikwambi cha mama yake, Dobrila, kijijini nje ya Leskovac, bibi apate kuwaona wajukuu. Sasa zilikuwa picha elfu arobaini na moja. Kishikwambi kilisimama juu ya kabati la vyombo, kikizionyesha mojamoja, bila mpango, tangu alfajiri hadi usiku.

Na mojawapo ilikuwa ikingoja zamu yake. Juzi, mjini Niš, Verica alipiga picha chupa kumi na mbili za ajvari, rojo la pilipili hoho za kuchoma, alizonunua, zenye vifuniko vya buluu na lebo ya jogoo. Moja ilikuwa na ufa, na alitaka muuzaji wake, Zagorka wa jino la dhahabu, ambadilishie. Kando ya chupa hizo, pale pale mezani, zilipangwa chupa zake mwenyewe zenye vifuniko vyeupe, tupu, zikisubiri kumiminiwa.

Miaka sita alikuwa akimimina. Miaka sita alikuwa akimletea Dobrila chupa moja ya "mkono wangu mwenyewe, mama".

Huku kwao, mwanamke haulizwi shahada zake. Anaulizwa kama mwezi wa tisa alichoma pilipili hoho, akazimenya, akazikoroga kutwa nzima mpaka mkono ukafa ganzi. Jirani mmoja alionwa mara moja tu akinunua ajvari sokoni. Mwaka wa kumi na moja huu anaitwa Bi Duka, hata na padri.

"Nimekuja kukupunguzia picha, mama," alisema Verica. "Kishikwambi kimeshiba, kitakufa."

"Kife kwa kushiba? Basi mimi ningekufa zamani. Haya, punguza, wewe ndiwe mwenye shule." Dobrila alikaa, mkono kiunoni. "Zangu usiziguse. Zisizofaa nilishazifuta mwenyewe. Uwii, mgongo huu. Mwezi wa tisa wote haukunipa usingizi."

"Kwa chupa zako kumi tu, mama?"

"Kumi za kweli zinauma kuliko mia za uongo."

Uani, magunia matupu ya pilipili yalirundikana hadi usawa wa dirisha, lakini Verica hakuwa na macho ya magunia. Alijua kwamba ukifuta picha kwenye kishikwambi peke yake, hifadhi itaishusha tena kama mvua. Kwa hiyo alianza na simu yake. Akaifuta picha humo, akaifuta kwenye hifadhi, akazima ule mpango wa picha kupaa zenyewe. Kisha akakishika kishikwambi, akaanza kuzirudisha picha nyuma kwa kidole.

Wajukuu. Keki. Wajukuu wakila keki. Miodrag na samaki wake, yule anayezidi kurefuka kila anapohadithiwa. Picha za kuku na nyanya za bustani alizopiga Dobrila, kila picha ikiwa na kidole gumba chake pembeni, chenye ukucha uliopasuka katikati, kama mhuri wa serikali.

Nyuma yake, Dobrila alifungua chupa ya mwaka huu aliyoletewa na Verica, yenye kifuniko cheupe, akachota kijiko.

"Umechoma kwa haraka," alisema. "Kama mtu anayedaiwa kodi."

"Mwaka huu nilijitahidi, mama."

"Jitihada naiona. Ladha ndiyo siioni."

Hii hapa. Chupa kumi na mbili, vifuniko vya buluu, bado imeng'ang'ania kishikwambini. Verica akaifuta, akaifuata hadi kwenye pipa la taka, akalimwaga na pipa. Moyo ukarudi mahali pake.

"Lakini angalau umepika," Dobrila aliendelea, akichota tena. "Ajvari ni ya nyumba. Anayeinunua na anayeiuza, wote wawili nawatemea mate."

"Hata mimi, mama," alisema Verica, na akaendelea kurudi nyuma, asije akawa ameacha nyingine yenye chupa za buluu.

Nyingine ilikuwepo, ya mwezi wa tisa. Hakuipiga yeye. Ilikuwa imefutwa na mtu humu humu kishikwambini, na hifadhi ikaishusha tena.

Ua ulikuwa huu huu. Magunia yalikuwa haya haya, yamejaa pilipili. Gari la mizigo lilikuwa wazi milango yote, na ndani yake kreti juu ya kreti, nyingine zikingoja kupakiwa mlangoni pa jikoni, buluu tupu, jogoo kwa jogoo. Mbele yake alisimama Zagorka akicheka, jino linawaka jua. Na pembeni, kikubwa kuliko gari lenyewe, kidole gumba chenye ukucha uliopasuka katikati.

Kijiko kiligonga kioo cha chupa.

"Nikwambie ukweli, mwanangu," alisema Dobrila, akilamba midomo. "Aliyepika hii hajui ajvari."