Karatasi ya Pili

Mwaka 2003, baada ya miaka sita ya kuomba kazi bila kujibiwa, Patroba aliajiriwa kuwa kocha msaidizi wa mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha Houston. Alimpelekea dada yake bahasha yenye mkataba huko Stafford, mji jirani.

"Leo ndio umekumbuka kwangu!" dada alicheka, akafungua bahasha. "Na hii ya pili?"

Ilikuwa barua ya chuo hicho hicho ya ufadhili wa masomo ya mwana wa dada, kijana wa futi saba. Kibandiko cha njano kilionyesha mahali pa sahihi ya mzazi.

"Sikujua iko ndani," alisema Patroba.

Dada aliusoma mkataba polepole. Kazi ingeanza siku ambayo kijana angejisajili chuoni.

"Ni wewe wanataka, ama ni mtoto wangu?"

Patroba alitoa kalamu mfukoni, akaiondoa kifuniko, akamsogezea.