Paka na Shamba Lililooshwa

Wachimba dhahabu walipoondoka na dhahabu yao, zebaki waliiacha shambani. Paka, msafi wa kupindukia, akawasimamia wanyama wenzake wakauosha ule udongo kwa dawa, wakausuuza na kuusuuza tena, hata sumu yote ikatoka. Siku ya kusherehekea, mbele ya wageni waalikwa, Punda akainua mkia akaangusha mzigo wake katikati ya shamba.

"Mshenzi wewe!" Paka akafoka. "Udongo umetakata hivi, halafu unaunyea? Toka!"

Punda akajiondokea zake, wala hana habari.

Mtama ukapandwa, mvua ikanyesha, hakikuota kitu. Kumbe udongo ulioshwa sumu pamoja na uhai wake. Na pasipo mtama hakuna panya, basi Paka akabaki mbavu tupu. Mahali pamoja tu mtama ulisongamana, masuke yameinama, panya wawili wanatafuna: pale pale katikati.

Paka akanywea, akamwendea Punda.

"Kaka Punda, lile jambo lako la siku ile... tunaliomba kwa shamba zima."

"Shamba zima kwa tumbo moja?" Punda akacheka. "Na wewe changia."

"Mbele za watu?"

"Mimi si nilifanya mbele ya wageni waalikwa?"

Paka akatazama huku na huku, akachimba kishimo, akachuchumaa, akafukia haraka haraka. Tangu hapo hajaacha. Nyinyi mkimwona mnasema paka ana haya. Haya gani? Yule anaandaa panya wake wa mwakani.