Korongo, Fuko na Ukungu wa Bwawani

Alikuwako Korongo mmoja aliyekuwa akibeba abiria mgongoni, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba hajawahi kuahirisha kutua. Asubuhi moja alimbeba Mheshimiwa Fuko, aliyekuwa akienda kufungua mkutano. Wakakuta bwawa lote limefunikwa na ukungu.

Chura, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza ndege kwa sauti, akaita kutoka chini: "Kapteni, shuka polepole! Ukifika usawa wa kilele cha mvule na hujayaona maji, panda juu usubiri!"

Korongo akashuka hadi usawa wa kilele. Maji hakuyaona.

"Mheshimiwa, ukungu ni mzito. Turudi juu?"

"Ukungu gani?" akauliza Fuko. "Mimi sioni tofauti yoyote. Shuka bwana, watu wananisubiri."

Korongo akaona haya kuitwa mwoga, akashuka. Wakauvaa mvule. Korongo akavunjika mguu. Fuko akaangukia matopeni, mzima, akilalamikia huduma.

Tume ya uchunguzi ikaundwa, mwenyekiti Fuko mwenyewe. Alipokuwa akisoma uamuzi mbele ya wajumbe na Korongo kwamba mkosaji ni ukungu, ukungu ukaingia ukumbini, hata mlango usionekane. Wajumbe wakaanza kugongana.

"Tulieni!" akasema Fuko. "Kapteni wetu atatutoa."



"Mheshimiwa," akasema Korongo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, "mimi sioni. Mwiteni Chura."