Mume wa Kliniki

Thadei alikunja mkono wa shati, akanyoosha kidole kitobolewe damu ya kupima, akasema kwa mara ya nne mwezi huo kwamba yeye ndiye mume.

"Kidole kingine," alisema nesi Benigna bila kuinua macho. "Hicho bado hakijapona."

Akabadilisha. Alikuwa seremala, mikono ilinuka mbao mbichi, na kifungo cha juu cha shati lake kilishonwa kwa uzi mweusi, ule wa kushonea vidonda. Kando yake aliketi Zuhra, msichana wa Nalasi aliyekuja Songea kuuza korosho, sasa ana mimba ya miezi saba. Miguu ilivimba hadi kandambili hazimwingii. Aliyempa mimba alikuwa amezima simu tangu Ramadhani.

Mlangoni palibandikwa karatasi yenye saini ya mganga mfawidhi mpya: MAMA ASIYE NA MWENZA HAPIMWI BILA BARUA YA MTENDAJI. Mara mbili manesi wa zamu nyingine walimrudisha Zuhra kwa karatasi hiyo. Mtendaji wa kata naye kila siku yuko semina.

"Jina la mume?" aliuliza Benigna, kalamu juu ya daftari.

"Thadei," alijibu Thadei.

"Najua. Namuuliza mama."

"Thadei," Zuhra alinong'ona. "Samahani, sista."

"Usiniombe samahani. Lete mkono."

Kwenye benchi la nje, Oliva, aliyeleta mtoto chanjo, alichungulia. "Jamani, mume wa taifa karudi! Si ndiye huyu alikuja wiki iliyopita na yule dada wa Mpitimbi?"

Benchi zima likacheka.

"Baba, na mimi niandike foleni!"

"Huko nyumbani chakula unakula kwa nani?"

Thadei aliinamisha kichwa. "Mke wangu hapiki siku za kliniki," alisema. Wakazidi kucheka.

Benigna hakucheka. Alikuwa wima tangu saa kumi na mbili asubuhi, akina mama sitini, nesi mmoja. Alipima presha ya Zuhra, akasoma, akapima tena. Mia na sabini kwa mia na kumi na tano.

"Huyu harudi nyumbani," alisema. "Iteni gari la wagonjwa."

"Nitakufa, sista?"

"Kama tungekurudisha tena leo, ningekujibu vingine. Lala ubavu wa kushoto."

Walimtoa kwa machela. Kicheko kilikatika nje. Ndipo Isidori, mganga mfawidhi, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu ahamie kituoni, akaja kuuliza kelele zilikuwa za nini. Oliva akamweleza kwa furaha. Isidori akachukua daftari, akafunua nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Thadei. Thadei. Thadei. Thadei.

Akafunga mlango.

"Nesi Benigna. Mtu mmoja, wake wanne?"

Benigna alifunika kalamu.

"Majibu ya damu ya huyu umeyaandika kwenye kadi za wanawake wanne. Waume wenyewe hawajapimwa. Unaelewa ulichofanya?"

"Naelewa. Wanawake wangerudishwa, hao waume wangepimwa?"

"Usinijibu kwa swali. Huyu kishoka wa kujifanya mume anakupa nini?"

Thadei alifungua kinywa. Benigna alimtazama mara moja tu, naye Thadei akakifumba.

"Utaniandikia barua ya kuomba radhi leo hii, kabla hujatoka hapa," alisema Isidori. "Na humo ueleze mtu huyu umemtoa wapi."

Nje, gari la wagonjwa lilipita getini likipiga king'ora. Benigna alisikiliza mpaka lilipoishia barabarani. Kisha akavua glavu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayevua viatu baada ya kutoka kuzika.

"Nimemtoa nyumbani kwangu," alisema. "Karatasi yako inataka kila mama aje na mume. Mimi ninaye huyu mmoja, ndiye ninayewaazima. Radhi siombi."