Kipimo cha Kina

Nyamizi, mjane wa kaka wa Lushinge, ndiye aliyechagua kifaa cha kupimia kina. Lushinge alikifunga ukingoni mwa mtumbwi kwa vipande vya tyubu, akakaza mafundo mpaka vidole vikamuuma.

“Sasa nipeleke alipozama mume wangu.”

“Shemeji, pale maji hayana mwisho. Ndiyo maana nilishindwa kumvuta.”

“Nipeleke tu.”

Hakuwa na pa kukwepea. Boya la msiba, waliloliweka ndugu pale alipozama, lilionekana tangu ufukoni. Walipolifikia, kioo cha kifaa kikaonyesha mita moja na robo.

Lushinge akarukia kukifungua kifaa. Mafundo yakagoma.

Nyamizi alijifunga kanga vizuri, akashuka majini, akasimama. Maji yalimkomea kifuani. Kisha akamnyooshea Lushinge mkono, kama anayeomba kuvutwa.